Majiko ya kuni ya mlango wa kioo: lipi linafika asubuhi na moto?

Karibu kila jiko la kuni la kupashia nyumba joto huuzwa kwa ahadi mbili: joto kali, na moto wa kukesha. Ukizichukua mojamoja, mara nyingi ni za kweli. Ukizidai zote mbili kwa shehena moja ya kuni, hesabu inagoma, na wengi huishia kulalamikia jiko ambalo halina kosa.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Kilo moja ya kuni kavu, zenye unyevu usiozidi asilimia 20, ina nishati ya kama kilowati-saa 4, na kiasi hicho hakipishani sana kati ya msonobari na mwaloni, maadamu umepima kwa kilo. Jiko zuri la kisasa hukuachia chumbani takriban robo tatu ya nishati hiyo. Nyingine inatoka na moshi. Basi kilo moja ni kilowati-saa 3 za joto la kutumia. Jiko likimeza kilo 12, una kilowati-saa 36. Zimalize kwa saa 4, utapata kilowati 9 na kila mtu atavua sweta. Zinyooshe kwa saa 12, utapata kilowati 3, za kutosha chumba kimoja kilichozibwa vizuri. Hakuna fundi wala kiwanda kitakachokupa 9 kwa saa 12 kutoka kwenye kilo 12.

Kiwanda kinaweza kukusaidia kwa mambo matatu tu: tumbo kubwa la kubeba kuni nyingi, namna ya kuunguza moshi badala ya kuuacha upande bombani, na uwezo wa kubana hewa bila moto kuanza kufuka. Kwa mizani hiyo tumepima aina tatu za majiko, kisha vile vifaa vidogo vinavyouzwa pembeni kwa jina la kurefusha moto. Baadhi yake vina faida kuliko kubadilisha jiko.

Lita kabla ya kilowati

Anayetaka jiko la kulala nalo aulize kwanza tumbo lina lita ngapi. Kilowati zilizobandikwa ubavuni hazitamsaidia sana: katika majaribio ya Ulaya kipimo hicho huchukuliwa kwa shehena ndogo, kuni zikiongezwa kila baada ya saa moja au karibu na hapo. Jiko la kilowati 8 lenye tumbo la lita 30 linatoa hizo 8 kweli, ila kwa mtu aliyekaa mbele yake akililisha.

Lita moja ya tumbo hubeba kama robo kilo ya mti mgumu uliopangwa kwa kubana, na gramu 150 hivi za mti mwepesi. Tumbo la lita 35 ni kilo 8 au 9: moto wa saa 4 au 5, kisha makaa. Kuanzia lita 60 ndipo usiku unapowezekana bila kulidhulumu jiko: kilo 15, kilowati-saa 45, saa 9 kwa wastani wa kilowati 5. Pima mwenyewe kwa futi. Upana, kina, na kimo kuishia chini ya bamba la juu, lile linalozuia moto usikimbilie bombani, si kwenye paa la jiko; wauzaji wengine huhesabu hata nafasi ya nyuma ya kioo ambako kuni hazitakiwi kugusa.

Umbo nalo lina neno. Tumbo lenye kina kuliko upana hupokea kuni kichwa mbele, ncha zikitazama mlango. Zikiporomoka hazigongi kioo, na unaweza kujaza hadi karibu na juu. Tumbo pana lenye kina kifupi hulazimisha kuni kulala sambamba na kioo, na kipande cha juu kikiviringika saa nane za usiku kinatua kwenye kioo hichohicho. Kama majiko mawili yanalingana kwa mengine yote, chukua lenye kina.

Majiko ya mirija ya hewa

Hii ndiyo aina iliyoenea zaidi, na kwa nyumba nyingi ndiyo sahihi. Ili kuelewa inavyofanya kazi, kumbuka kwamba ubao wa kuni hauwaki wenyewe. Ukipata joto la nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi unavunjika na kutoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazotoa ndimi za moto. Zaidi ya nusu ya joto la kuni limo humo. Zisipopata hewa na joto la karibu nyuzi 600 kwa wakati mmoja, zinapaa zikiwa moshi, na wewe unapasha anga.

Mirija mitatu au minne yenye matundu madogo hupita juu ya tumbo, chini ya bamba la kuzuia moto. Hewa inayopita ndani yake hupashwa kabla ya kutoka, kisha inakutana na gesi mahali palipo na joto zaidi. Likifanya kazi sawasawa utaona kitu cha kupendeza: moto wa buluu na manjano unaelea chini ya dari la jiko, umeachana kabisa na kuni, huku kuni zenyewe zikiwa nyeusi na tulivu.

Udhaifu wake ni kwamba mirija inahitaji tumbo liwe moto. Ukibana hewa kupita kiasi, joto linashuka chini ya zile nyuzi 600, ndimi zinapotea, na jiko linafuka usiku mzima. Kwa hiyo jiko hili lina mwendo wa chini ambao halikubali kuupita. Kwa tumbo la lita 60 na mti mgumu, saa 7 hadi 10 za joto la maana ni matarajio ya haki, na asubuhi ukute makaa ya kuwashia bila kiberiti. Mtu akikuahidi saa 20 kwa jiko la mirija la ukubwa huo, anahesabu mpaka kaa la mwisho lililofukiwa majivuni.

Kasoro ya pili haielezwi dukani. Katika majiko mengi ya aina hii kidhibiti cha hewa hakiifikii mirija; kinabana hewa ya mbele na ya chini tu. Bomba likiwa refu sana, mvuto wake unaendelea kunyonya hewa kupitia mirija hata ukiwa umefunga kila kitu, na shehena ya saa 9 inaisha kwa 5. Dawa ni vali ya sahani ndani ya bomba, yaani kibamba cha kubana mvuto, tutakayoirudia.

Angalia pia bamba la juu. Mengi siku hizi ni ya vemikulaiti, jiwe jepesi linalozuia joto lisipenye vizuri ajabu lakini laini. Gogo moja likisukumwa kwa nguvu linalipasua. Ufa mwembamba si tatizo ilmradi kipande hakijasogea. Pengo la upana wa kidole upande wa nyuma ni tatizo kubwa, kwa sababu gesi zinakatiza moja kwa moja kwenda bombani bila kupita mbele ya mirija. Kila baada ya kufagia bomba, hakikisha bamba limerudi na kukaa mpaka mwisho wake. Malalamiko mengi ya jiko lililokuwa zuri na sasa linakula kuni huanzia hapo.

Majiko ya kichocheo

Haya yana kitu cha ziada juu ya tumbo: tofali la vitundu vingi mithili ya sega la nyuki, la kauri au la feleji, lililopakwa paladiamu au platinamu. Moshi ukipita kwenye vitundu hivyo unaanza kuungua kwenye nyuzi 260 hivi badala ya 600. Tofauti hiyo ndiyo bei yote ya jiko hili. Unaweza kubana hewa mpaka tumbo lionekane limelala, bila ndimi hata moja, na bado moshi unateketea juu na kutoa joto.

Kwa moto mrefu wa polepole hakuna anayeyashinda. Saa 12 hadi 20 kwa tumbo kubwa ni kawaida, hasa yale yenye kirekebishaji joto, yaani koili ya metali mbili inayojikunja na kufungua au kufunga hewa yenyewe kadiri jiko linavyopoa au kupamba. Koili hiyo, kwa maoni yetu, ina faida sawa na kichocheo chenyewe: shehena ya kuni haitoi gesi kwa mwendo mmoja, na mkono wa mtu aliyelala hauwezi kuirekebisha.

Bado hesabu ya mwanzo haikwepeki. Blaze King ya Marekani hutangaza hadi saa 40 kwa jiko lake kubwa kabisa, King, lenye tumbo la zaidi ya lita 120. Ukilijaza kilo 30 za mti mgumu unapata kilowati-saa 90 na kidogo. Zigawe kwa 40, zinabaki kilowati 2 na robo. Si uongo, lakini ndio moto wa kuzuia baridi isiingie katika majira ya vuguvugu, si wa usiku wa barafu. Usiku wa barafu jiko hilohilo litakula shehena yake kwa saa 12, kama hesabu inavyotaka.

Kichocheo kinadai adabu. Unawasha moto vali ya kukwepa ikiwa wazi, moshi ukienda moja kwa moja bombani. Unasubiri kipimajoto cha kichocheo kiingie eneo la kufanya kazi, jambo linalochukua dakika 20 hadi 30 jiko likiwa baridi. Hapo ndipo unafunga vali ili moshi upite kwenye vitundu, unaacha hewa wazi dakika nyingine 10 kichocheo kipambe, kisha unabana kwa awamu. Kila unapotaka kufungua mlango, fungua vali kwanza. Ukisahau, moshi unakurudia usoni na hewa baridi inakipiga kichocheo ghafla.

Kinachokiua ni vitu vitatu. Kwanza sumu: mbao zilizopakwa rangi au dawa, plastiki, karatasi za kung'aa, makaa ya mawe. Pili mshtuko wa joto: kuni mbichi juu ya kichocheo kinachowaka hutoa mvuke mwingi, na kauri inaanza kumeguka. Tatu majivu yanayoziba vitundu, na hili la tatu linatibika: jiko likiwa baridi kabisa, brashi laini na kifyonza vumbi, bila chuma na bila hewa ya kompresa. Utajua kimechoka pale moshi unapoonekana juu ya bomba huku vali imefungwa na kipimajoto hakipandi licha ya kuni kavu. Kihesabu kama kifaa cha kubadilisha baada ya misimu kadhaa, wala usinunue jiko hili kama nyumbani kwako huchomwa chochote kinachopatikana.

Yapo pia majiko yanayochanganya mirija na kichocheo. Yanafanya kazi vizuri, ila yana sehemu zote mbili za kuharibika.

Mawe mazito, na mapambo ya mawe

Kuna njia nyingine kabisa ya kupata joto la usiku: kutolaza moto, bali kulaza joto. Jiko la kujengwa kwa matofali au jiwe la sabuni huwashwa moto mkali wa saa moja au mbili, hewa ikiwa wazi, gesi zote zinateketea, na moshi unazungushwa ndani ya njia ndefu kabla ya kutoka. Jiwe linabeba joto na kulitoa kwa saa 12 hadi 24. Wazo hili ni la zamani: mwaka 1767 nchini Sweden, Carl Johan Cronstedt na Fabian Wrede walisanifu jiko la vigae lenye njia za moshi za kupanda na kushuka, na mpangilio huo haujabadilika sana. Jiko la kilo 1,500 likipoa kwa nyuzi 60 linarudisha kama kilowati-saa 24. Hilo ni joto la kweli. Linahitaji msingi wake na fundi anayejua, na halifai kwa anayetaka chumba kipate joto ndani ya nusu saa.

Usilichanganye na jiko la chuma lililovishwa vipande vya jiwe la sabuni. Kilo 100 za jiwe zikipoa kwa nyuzi 80 hutoa kilowati-saa 2 na ushei, chini ya joto la kilo moja ya kuni. Linapendeza, linapunguza makali ya joto pembeni, basi. Mjadala wa chuma cha kusubu dhidi ya feleji ni wa aina hiyohiyo: cha kusubu hupata joto taratibu na kupoa taratibu, feleji haraka na haraka, na wala hakuna kati yao anayekufikisha asubuhi.

Shehena ya usiku, hatua kwa hatua

Jiko lolote kati ya haya linaweza kuonekana bovu kwa upangaji mbaya. Utaratibu huu ni wa jiko la mirija, lakini wa kichocheo unafanana kwa kiasi kikubwa.

Usijaze juu ya ndimi za moto. Subiri shehena iliyotangulia ibaki makaa, jiko likiwa bado linaunguza ukiligusa. Acha tabaka la majivu la sentimita 2 hadi 3 sakafuni; linakinga makaa yasipoe kutokea chini. Jiko lililofagiwa likawa jeupe kila asubuhi halitakaa na makaa kamwe, na hili ni kosa la watu wasafi. Vuta makaa yote mbele, karibu na kioo inakotoka hewa, ili moto uanze mbele na kutafuna kurudi nyuma. Makaa yakisambazwa chini ya shehena nzima, kuni zote zinatoa gesi kwa pamoja: saa mbili za joto la kutisha, kisha kimya.

Sasa vipande. Vikubwa, unene wa sentimita 12 hadi 15, vipangwe kwa kubana, nafasi kati yake isizidi kidole. Sababu ni eneo la juu. Pande la mraba la sentimita 15 ukilipasua vipande vinne unapata uzito uleule wenye ngozi mara mbili, na gesi hutoka kupitia ngozi. Mbele kabisa, juu ya makaa, weka vipande viwili vyembamba vya kuushika moto haraka. Acha sentimita 5 chini ya mirija, na kuni zisiguse kioo.

Fungua hewa yote kwa dakika 10 hadi 20, mpaka kila kipande unachokiona kimekuwa cheusi kingo zake. Mlango uwe umefungwa. Kuuacha wazi kidogo na kuondoka ndiyo njia ya haraka ya kupinda chuma. Kisha punguza hewa hadi nusu na ungoje dakika 5 au zaidi. Ndimi zitalegea na kupanda juu. Punguza tena hadi robo, ungoje tena, kisha hatua ya mwisho. Ndimi zikitoweka ghafla na tumbo likajaa moshi wa kijivu, umeharakisha: rudisha hewa polepole, wala usifungue mlango. Moshi uliojaa tumboni ukipata hewa nyingi kwa mkupuo unaweza kulipuka kwa kishindo na kutoka kwenye kila ufa.

Baada ya nusu saa toka nje utazame juu ya bomba. Panapaswa kuwa na mtetemo wa joto tu, au mvuke mweupe unaopotea karibu na mdomo wa bomba. Moshi wa buluu au kijivu unaotambaa mbali ni kuni zako zinazoondoka. Kioo nacho kinasema: kikiwa cheusi chote asubuhi, ama kuni mbichi ama hewa ilibanwa mapema, kikiwa cheusi pembe moja tu, kamba ya mlango inavuja au kipande kiligusa.

Vifaa vya pembeni

Kama una nafasi ya kununua kimoja tu, nunua kipima unyevu cha pini mbili, na ujifunze kukitumia, kwa sababu wengi hukitumia vibaya. Kuchoma pini kwenye ncha ya gogo la kale kutakupa asilimia 14 za kufurahisha. Ncha hukauka kwanza. Lete gogo ndani lipate joto la chumba, lipasue, kisha zamisha pini katikati ya uso mpya, zikifuata nyuzi za mti. Chini ya 20, choma. Kati ya 20 na 25, rudisha kwenye rundo. Zaidi ya hapo usijidanganye. Kila kilo ya maji iliyomo ndani ya kuni inadai megajuli 2 na robo ili kugeuka mvuke, na mbaya zaidi inapoza tumbo hadi mirija isiweze kuwasha gesi. Miti myepesi iliyopasuliwa na kupangwa penye upepo, juu ikiwa imefunikwa na ubavu wazi, hukauka kwa miezi 6 hadi 12. Mwaloni unahitaji miaka miwili. Hakuna jiko, hata la kichocheo, linalofuta deni hilo.

Cha pili ni kipimajoto cha sumaku cha kubandika bombani, sentimita 45 juu ya jiko. Kwa bomba la ukuta mmoja, uso wake ukae kati ya nyuzi 120 na 240. Gesi za ndani zina joto la karibu mara mbili ya uso. Ukikaa chini ya 120 kwa muda mrefu, mvuke wa moshi unaganda juu bombani ukawa kreosoti, utando mweusi wa lami unaoweza kushika moto, na moto wa bombani unaweza kupita nyuzi 1,000. Kwa bomba la kuta mbili kipimajoto cha sumaku hakina maana kabisa. Unahitaji cha kijiti kinachoingia ndani. Vingi vya bei nafuu hukosea kwa makumi ya nyuzi, kwa hiyo kitumie kuona joto linapanda au linashuka, usikiamini kama saa. Chuma kikianza kung'aa wekundu gizani, hapo umeshapita nyuzi 500 na hakuna haja ya kipimajoto: funga hewa mara moja.

Kamba ya mlango ya nyuzi za kioo ndiyo matengenezo yanayosahaulika zaidi. Weka ukanda wa karatasi kati ya mlango na jiko, funga, vuta. Ukitoka bila upinzani, hapo panavuja. Rudia kila sentimita 10 kuzunguka mlango wote. Kabla ya kubadilisha, jaribu kukaza komeo. Majiko mengi yana skrubu au ringi ya kusogeza. Ukibadilisha, chukua unene uleule uliotajwa kwenye kitabu, kwangua gundi ya zamani mpaka chuma, paka gundi ya kuhimili moto, laza kamba bila kuivuta maana ikivutwa hukonda, na ufunge mlango juu yake kwa saa 24. Kamba nene kupita kiasi huzuia mlango kufunga upande wa bawaba na kuvuja zaidi ya ile uliyoitoa.

Vali ya sahani bombani ni nzuri kwa bomba refu na ni balaa kwa bomba fupi. Watengenezaji wengi hutaka mvuto wa paskali 12 hivi. Bomba la urefu wa mita 4 na nusu hadi 5, kipenyo cha milimita 150, lililonyooka na lenye kinga ya joto, kwa kawaida linafika hapo. La mita 9 linapita sana na ndilo linalohitaji vali. Ukiwa na bomba fupi, lenye kona mbili, au lililopita nje ya ukuta bila kinga, vali itaongeza moshi chumbani. Sahani iwe na tundu au pengo ili isizibe kabisa.

Matofali ya maranda yaliyoshindiliwa yamezidi matarajio yetu. Unyevu wake huwa chini ya asilimia 10, kilo moja ina karibu kilowati-saa 5, na ni mazito kiasi cha kuzama majini, kwa hiyo kilo nyingi zinaingia tumbo dogo. Mawili au matatu yaliyobanana, bila pengo, juu ya makaa, yanaongeza saa kadhaa kwa jiko la lita 35. Usilijaze jiko kwa hayo peke yake. Hutanuka yakiungua, huvimba kuelekea kioo, na shehena kamili inaweza kulipasha jiko kupita kiasi. Ukiyachanganya na kuni zenye unyevu wa asilimia 22 unaokoa msimu mbaya.

Feni ya kukaa juu ya jiko, inayozungushwa na joto lenyewe, haiongezi hata dakika moja ya moto. Inasogeza hewa ya moto kidogo kuelekea upande mwingine wa chumba, na hiyo ni kazi halali, lakini maneno ya kwenye boksi ni mengine. Magogo ya kusafisha bomba yanaikausha kreosoti kiasi. Hayaifagii, na brashi bado inatakiwa walau mara moja kwa mwaka. Kengele ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyoonekana, si kifaa cha kurefusha moto, lakini yeyote anayelala na hewa imebanwa awe nayo chumba hichohicho.

Unapokwenda kununua

Tazama kibandiko cha moshi. Nchini Marekani, tangu Mei 2020, jiko jipya halitakiwi kuzidi gramu 2 za moshi kwa saa, au 2.5 likipimwa kwa kuni za kawaida za kupasuliwa. Umoja wa Ulaya nao una masharti yake tangu Januari 2022. Namba ndogo ni dalili kwamba gesi zinaungua ndani, ingawa maabara hutumia kuni kavu kuliko za wengi wetu.

Nenda na karatasi, ufanye lile jaribio la mlango palepale. Sogeza kidhibiti cha hewa: kiwe kizito kidogo na kibaki unapokiacha, si kile kinachoteleza chenyewe. Ingiza mkono, utoe bamba la juu na kulirudisha. Likikushinda kwenye jiko safi lenye mwanga wa duka, litakushinda zaidi likiwa na masizi. Mwisho uliza kama bamba hilo, kamba, na mirija au kichocheo vinapatikana kama vipuri, na uombe namba zake ziandikwe kwenye risiti. Jiko la bei nafuu ambalo bamba lake haliuzwi popote litatumika mpaka siku gogo la kwanza litakapolipasua.